Fundi Makochi na Bamvua ya Saa Nne Asubuhi

Mimi ni fundi makochi. Kibanda changu kipo mjini Mtwara, jirani na soko kuu, na kazi nyingi zinazonifikia ni za makochi ya urithi: mbao za mninga zilizochoka, sponji iliyobonyea katikati kwa sababu baba mwenye nyumba hukaa pale pale kila jioni, na kitambaa ambacho mama mwenye nyumba amekuwa akiahidi kukibadilisha fedha za korosho zikitoka. Nayaeleza haya mapema ili msomaji ajue kwamba sikuwahi kujitangaza kuwa mtu wa maboti. Hata hivyo nimezaliwa Mikindani, kitovu changu kimezikwa hatua chache kutoka majini, na kabla sijajua kusoma nilikwisha kujua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Hilo la pili ndilo linaloifanya habari yangu iwe ya aibu zaidi.

Mwezi wa Agosti, upepo wa kusi ukiwa bado na nguvu, iliingia katika ghuba ya Mikindani boti moja ya kifahari, nyeupe tupu, yenye urefu wa mita 34, ya aina ile inayokodishwa kwa wiki pamoja na nahodha, mpishi na mabaharia wake. Ilikuwa inatoka Afrika Kusini kwenda Zanzibar kupokea wageni, na njiani mishono ya magodoro yake ya kuotea jua ilikuwa imeachia mmoja baada ya mwingine. Kijana mmoja wa Mikindani, ambaye hapana chombo kinachotia nanga pale asijue habari zake, akanipigia simu kuniuliza, "Kaka, makochi ya baharini unashona?" Nikamjibu kwamba kochi ni kochi. Jibu lile nimelijutia mara nyingi kuliko mahari.

Asubuhi ya siku iliyofuata nikachukuliwa ufukweni kwa kiboti cha mpira, nimepakata cherehani yangu ya kuzungusha kwa mkono, ya chuma kizito, niliyorithi kwa marehemu babu, kwa kuwa ile ya miguu haikukubali kuingia. Pembeni nilikuwa na kipande cha sponji mpya ya kujazia takia moja lililopeperushwa na upepo. Aliyenipokea alikuwa serahangi wa mabaharia, mtu wa Unguja, mpole wa maneno, mwenye macho yanayoona uchafu ukiwa bado njiani.

"Karibu, fundi. Viatu humu," akasema, akanyoosha kapu la ukili.

Nilikuwa nimevaa kata mbuga, zile ndara za tairi la gari. "Hata hizi?" nikamuuliza.

"Hizi hasa."

Akanieleza sababu. Sitaha yote ilikuwa ya mbao za mtiki, vipande vyembamba vilivyolazwa sambamba, na kati ya kipande na kipande umepita mstari mweusi wa mpira wa kuzibia, kazi ambayo kwenye majahazi yetu hufanywa kwa pamba na nyundo ya kalafati. Mtiki una mafuta yake wenyewe ndani, hauozi upesi, na ukilowa bado mguu unashika. Ndiyo maana haupakwi rangi wala vanishi bali huachwa uchi, na ukiwa uchi hunywa kila kinachoudondokea. Tairi jeusi huacha alama. Divai nyekundu huacha alama. "Na hicho?" akauliza, akionyesha kikopo changu cha mafuta ya cherehani kwa kidole ambacho hakikutaka kukaribia. Nikakitia mfukoni.

Ndipo akanitembeza, na hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, kwa sababu katika chombo kile hakuna kilichokubali kuwa kitu kimoja tu. Kwenye tezi, yaani upande wa nyuma wa chombo, nyuma ya milango ya kioo, kulikuwa na sitaha ambayo kwa hesabu zetu ni baraza: mahali penye kivuli pa kukaa, kula, na kutazama nani anapita, kama zilivyo baraza za mawe mbele ya nyumba za zamani za Mikindani, tofauti ikiwa kwamba baraza zetu hazijawahi kujaribu kuwa kitanda. Ile meza ilijaribu. Serahangi alibofya mahali, miguu ya meza ikajikunja ndani yake yenyewe, ubao ukashuka hadi usawa wa viti, na akaniambia kwamba ukitandika magodoro juu yake umepata kitanda cha watu wanne. Nikanyanyua takia la kiti: chini yake sanduku la maboya ya kujiokolea. Nikanyanyua la pili: kamba. La tatu: friji ndogo iliyojaa soda, ikiwaka taa kana kwamba nimeiamsha. Juu kabisa, kwenye sitaha ya jua, palikuwa na jakuzi, na jakuzi ile nayo ilikuwa na kifuniko ambacho kikifungwa huwa jukwaa la kuchezea muziki. Ubavu mmoja wa boti ulifunguka kwenda nje ukawa kibaraza juu ya maji. Nilimwuliza, kwa uaminifu kabisa, kama kuna kiti chochote ambacho ni kiti.

"Cha nahodha," akajibu, kisha akafikiri. "Hapana, hata hicho kinazunguka na kupanda."

Mimi nina maoni yangu kuhusu jambo hili. Mchoraji wa nyumba ya nchi kavu akikosa nafasi huongeza chumba. Mchoraji wa boti akikosa nafasi hana pa kwenda isipokuwa baharini, kwa hiyo kila kilichopo hukipa kazi mbili au tatu, na kila kazi huificha ili wageni waone wepesi tu. Ni ufundi mkubwa, nakiri. Lakini kwa mtu ambaye amezoea kwamba chini ya takia kuna sponji, chemchemi, na sarafu iliyopotea mwaka wa uchaguzi, ni kama kuingia kwenye nyumba ya wachawi wenye adabu.

Kitu kingine nilichokihesabu ni viti vya kulia: 12. Magodoro ya jua: 12. Taulo zilizokunjwa kama mikate: 12. Serahangi akanifafanulia kwamba kwa kanuni za kimataifa za usalama baharini, chombo kikibeba abiria zaidi ya 12 kinahesabiwa kuwa meli ya abiria, na masharti yake ni mengine kabisa. Kwa hiyo boti za namna hii, hata ziwe kubwa vipi, nyingi huishia hapo. Kwetu watu 12 ni Hiace ya Mtwara na Mikindani ambayo konda bado anaita abiria.

Ugonjwa wa magodoro niliutambua upesi, na hapa ninaomba niheshimiwe kidogo, kwa sababu ndilo jambo pekee nililolifanya vizuri siku ile. Kitambaa kilikuwa kizima. Kilikuwa cha akriliki, ambayo rangi hutiwa kabla uzi haujasokotwa, na hivyo hata ukikichana katikati rangi ni ile ile hadi kwenye kiini, nalo jua huipata kwa shida. Kilichokufa ni uzi wa kushonea. Jua lilikuwa limeula ukabaki unga. Ukivuta mshono unakatika kama tambi mbichi. Ndani, sponji yao ilikuwa ya ajabu: ina matundu makubwa yanayofunguliana, ukiisimamisha ikiwa imelowa maji yanashuka yenyewe na kutokea chini kwenye kitambaa cha wavu. Nikaiweka sambamba na ile yangu ya dukani, nikaona haya kwa niaba yake. Wao walikuwa na kibunda cha uzi maalumu usioogopa jua, kwa hiyo kazi ilibaki kuwa ya kushona tu.

Suala likawa pa kukaa. Sitaha ya juu upepo wa kusi ulikuwa unanyakua kava mikononi mwangu. Barazani kijana mmoja alikuwa anasugua mbao na hakutaka kuona hata unyayo. Nikamwambia serahangi kwamba chombo kikiwa kwenye nanga huelekeza omo, yaani pua yake, kwenye upepo, kwa hiyo penye utulivu ni nyuma kabisa, kwenye lile jukwaa la kuogelea lililo karibu na uso wa maji. Akanitazama kwa heshima mpya, heshima ambayo ilidumu kama dakika arobaini.

"Sawa, fundi. Kaa huko. Ila usiguse vitufe."

Naapa sikugusa kitufe. Niliweka cherehani juu ya jukwaa, nikakaa chini nimekunja miguu, uso umeelekea boti na mgongo umeelekea Mikindani, nikatandaza kava mapajani. Cherehani ikayumba. Mbao za jukwaa zilikuwa na mwinamo mdogo wa kumwagia maji baharini, jambo la busara kwa jukwaa na la kero kwa fundi. Fundi yeyote katika hali ile hutafuta kabari. Karibu yangu, kwenye kishimo ukutani, kulikuwa na kidude cheusi cha mpira, unene wake kama sanduku la viberiti viwili, chenye waya uliojisokota kama wa simu za mezani za zamani. Nilidhani ni kengele ya kumwita mpishi. Nikakiingiza chini ya kona ya cherehani, kikaingia kana kwamba kilitengenezwa kwa kazi hiyo, na cherehani ikatulia.

Yaliyokuwa yakitendeka chini ya cherehani nimeyajua baadaye, nami nayaeleza sasa ili msomaji asiwe mjinga pamoja nami. Lile jukwaa halikuwa jukwaa. Lilikuwa lifti. Hushuka kwa nguvu ya haidroliki hadi chini ya maji, kiasi cha mtu kufikiwa kiunoni, ili kiboti kielee na kutoka chenyewe, au ili mgeni asiyetaka ngazi aingie baharini akiwa amesimama kama mfalme. Kile kidude kilikuwa ndiyo rimoti yake, na kwa ajili ya usalama kitufe chake hufanya kazi pale tu kinapobanwa. Ukikiachia, kila kitu husimama. Chini ya kibao cha cherehani ya babu kuna kichwa cha skrubu kilichochomoza kidogo. Kichwa kile kilitua juu ya kitufe cha kushuka. Nikiwa nimekaa tu, hakikufika. Nikiinamia mshono na kuzungusha mkono, kilifika.

Kwa maneno mengine, nilikuwa nashona, nalo jukwaa linashuka. Nikiacha, nalo linaacha.

Mara ya kwanza nililowa makalio. Nikasema ni wimbi la mashua iliyopita, ingawa hapakuwa na mashua. Nikashona tena kipande kirefu, huku nasikia mguno wa chini chini nilioudhani ni wa jenereta, na nilipoinua kichwa maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu iliyokunjwa. Nikapumzika, maji yakatulia. Nikashona, yakapanda. Hapo akili yangu ikafanya kazi kwa kasi, ikakusanya elimu yote ya pwani niliyolelewa nayo, na kunipa jibu moja lililokamilika: mwezi umeandama juzi, hizi ni siku za bamvua, maji yanajaa.

Nikaridhika. Nikasogeza kava lisilowe, nikaendelea na kazi ili niimalize kabla hayajafika juu zaidi.

Ninamwomba msomaji wa bara, wa Masasi au Nachingwea, anivumilie wakati msomaji wa pwani anacheka, kwa maana yeye amekwisha kuona makosa matatu. La kwanza, siku za bamvua kwetu maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne ya asubuhi huwa yamekupwa kabisa. La pili, nyuma ya mgongo wangu, kama ningegeuka, mikoko ilikuwa imesimama nje na mizizi yake yote, mashua mbili zimelala ubavu kwenye tope, na akina mama wanatembea na ndoo wakiokota chaza mahali ambapo maji yakijaa mtu huogelea. Kwa kweli niligeuka. Niliwaona. Nikawasikitikia kwamba bamvua itawakuta huko. La tatu nitaliacha aliseme mjomba wangu, kwa kuwa yeye amelisema vizuri zaidi.

Maji yalipofika kiunoni nikiwa nimekaa, sponji yangu ya dukani ikaanza kuelea, ikafikiri, kisha ikaanza kunywa. Ilikunywa kama mtu aliyepanda Newala kwa miguu mwezi wa Oktoba. Mkono wa cherehani ulikuwa unachota maji kila unapozunguka, ukinimwagia usoni, na bado, kwa kuwa mshono ulikuwa umebakiza kama shubiri moja, nilishona. Kutoka kwenye kikopo mfukoni mwangu kukatoka kijito chembamba cha mafuta, kikajitandaza juu ya maji kwa rangi zote za upinde wa mvua. Kilikuwa kizuri.

Serahangi, ambaye alikuwa juu na sikio lake limezoea kila pampu ya chombo kile, aliusikia mguno usio na sababu. Akatokea kwenye ngazi. Akaniona: mtu mzima, amekaa baharini, anashona.

"Fundi! Simama!"

Kiswahili ni lugha tajiri, na neno hilo lina maana mbili. Yeye alitaka niache. Mimi, kwa heshima yake, nikanyanyuka. Na kwa kuwa miguu ilikuwa imekufa ganzi, niliegemea cherehani kwa mikono yote miwili na uzito wangu wote, ambao si haba. Skrubu ikakibana kitufe kuliko ilivyowahi kukibana. Jukwaa likashuka kwa furaha. Nilikuwa nainuka na wakati huo huo nazama, kwa kasi iliyolingana kabisa, hata nikawa nimebaki pale pale, maji kiunoni, nikamwambia, "Nasimama, mkubwa, nasimama!"

Akaruka na nguo zake zote. Akapiga mbizi, akavuta waya, akaing'oa rimoti chini ya cherehani, akabana kitufe cha pili. Nami nikaanza kupanda. Sijui kama kuna namna ya kupanda polepole hivyo ukabaki na hadhi. Maji yalichuruzika pande zote za jukwaa, kava la akriliki limenizunguka miguuni kama msuli, cherehani imesimama mbele yangu inatema maji tundu la bobini, na sponji imekaa kando imevimba kama mtoto wa kiboko. Kwenye baraza ya juu alikuwa amesimama nahodha, Mzungu mrefu, na kikombe cha kahawa ambacho hakukinywa wala hakukiweka chini. Ilikuwa kama bwana harusi anapandishwa jukwaani, isipokuwa hakuna aliyepiga vigelegele.

Nahodha akasema maneno machache. Serahangi, huku anakamua shati, akanitafsiria.

"Anauliza: kama uliona maji yanapanda, kwa nini uliendelea kushona?"

"Mwambie nilidhani yanajaa."

Mtu wa Unguja akanitazama muda mrefu. Akatazama mikoko. Akatazama akina mama wa chaza. "Fundi," akasema kwa upole, "hilo mimi siwezi kulitafsiri."

Kwa bahati mafuta mengi yalikwenda na bahari, na doa dogo lililobaki kwenye mtiki lililiwa na sabuni ya vyombo kabla halijakolea, nami nikiwa ndiye msuguaji. Sponji yao ilisimamishwa ukutani ikamaliza kuchuruzika kabla sijamaliza kuomba radhi. Yangu ilibebwa na watu wawili. Serahangi mwenyewe aliiosha cherehani kwa maji yasiyo na chumvi, akiielekeza kila upande kama anayemwogesha mtoto mchanga, kwa kuwa chumvi ikikaukia kwenye chuma huanza kazi yake usiku huo huo. Magodoro nilikwenda kuyamalizia Mikindani kwa cherehani ya dada yangu, nyumbani, mbali na kitu chochote chenye waya, na kesho yake walipoyapokea nahodha alipitisha kidole kwenye kila mshono, akaitikia kwa kichwa, akanilipa zote bila kukata. Takia nililojaza sponji yangu wakalipeleka chumba cha mabaharia. Niliambiwa baada ya siku mbili bado lilikuwa linalia maji ukilikalia.

Mjomba wangu, ambaye amevua tangu ujana wake, alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka. Kisha akauliza swali moja.

"Mwanangu, ile boti ilikuwa imekwama mchangani?"

"Hapana, mjomba. Ilikuwa inaelea."

"Inaelea," akasema. Akavuta sigara yake. "Maji yakijaa, nayo si inapanda?"

Hapo ndipo mke wangu alipolazimika kutoka nje.

Cherehani nayo, mwanangu wa kidato cha pili alishauri tuizike kwenye mchele, kama wafanyavyo simu zikilowa, na kwa kuwa siku ile sikuwa na haki ya kumpinga mtu yeyote, tuliizika kwenye kilo kumi. Iliyoiponya ni mafuta ya taa na siku tatu za kuifungua na kuifunga, lakini mchele tuliula. Pilau ya Ijumaa ile ilinukia mafuta ya cherehani hadi majirani wakauliza tumeongeza kiungo gani. Na juzi mama mmoja wa Shangani amenipigia simu ana kochi la watu watatu, tukaelewana bei vizuri kabisa, akanielekeza nyumba. Na kabla hajakata simu akaniambia nisiwe na wasiwasi, yeye anakaa ghorofani.